Kitenge cha Kuonwa Juani

Kijiji cha Dutwa,
Kwa mkono wa Parokia,
S.L.P. Bariadi,
Shinyanga.

6 Novemba, 1994

Mpendwa mdogo wangu Apolonia,

Mwangaluka, mayu. Nimeanza na salamu ya nyumbani makusudi, maana nasikia mtu akikaa Tanga miaka mingi huanza kusalimia kwa madaha. Hujambo wewe? Shemeji Januarius hajambo, na kifua chake kimetulia? Specioza ameanza kutembea au bado anaburura makalio? Sisi huku wazima. Mama yetu anakula, anagomba na kuku, anagomba na mimi, kwa hiyo afya yake sina wasiwasi nayo. Mvua zimeanza kudondoka na watu wako mashambani.

Barua yako niliipata Jumapili iliyopita baada ya misa. Umeandika mambo mawili. La kwanza umenicheka kwamba mimi ni mtu wa zamani, bado nanunua sukari kwenye kiduka cha Kwandu wakati Bariadi mjini siku hizi kuna duka kubwa la bei rahisi, la kujichagulia mwenyewe, na habari zake zimefika hadi Tanga. La pili umesema kaka yako Mayunga yuko kwako tangu mwisho wa Agosti, anakula, analala, anamchotea maji mama jirani yako, lakini ukimuuliza kilichomleta anainamisha kichwa. Unataka nikueleze.

Nitakueleza yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ni jambo moja. Kaa chini kwanza. Kama Mayunga yuko hapo karibu, mwambie aende akakate kuni.

Mliandikiwa kwamba mume wangu Machibya alianguka na baiskeli akavunjika mguu. Mama ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, ili msishtuke. Machibya hakuanguka. Alipigwa. Alipigwa mchana kweupe, mbele ya watu wengi, kwa fimbo, mawe na mateke, na nusura wamchome moto.

Sasa nikuambie mimi nanunuaje vitu vyangu, ili uelewe. Sabuni nanunua kwa Kwandu, ananikatia kipande cha mche mbele ya macho yangu. Mafuta ya taa napeleka chupa yangu. Sukari ananipimia kwa kikombe, halafu kabla sijafunga karatasi namkazia macho, naye anaongeza kidogo huku akisonya. Tumeishi hivyo miaka yote. Akinipunja namtukana, nikimcheleweshea ananitukana, na kesho yake tunachotea maji kisima kimoja. Vitu vikubwa, jembe, sufuria, viatu vya mtumba, nasubiri siku ya mnada hapa Dutwa. Hayo ndiyo maduka yangu.

Usidhani nachukia ruksa hii ya kila mtu kufanya biashara. Nakumbuka sana wakati ule duka la ushirika lilipokuwa na rafu tupu na mwuzaji amekaa juu ya kaunta anachokonoa meno. Tuliogea majani ya mpapai, umesahau? Mama alipigwa kofi na mgambo kwenye foleni ya khanga. Kwa hiyo vitu vilipojaa nilifurahi kama wengine. Kilichonishinda ni namna watu walivyovirukia.

Lile duka kubwa liko kwenye ghala la zamani la pamba. Mwenyewe anaitwa Constantine, mtu wa hapa hapa, si mbaya. Alipaka rangi, akaleta jenereta, akapanga bidhaa kwenye rafu hadi juu. Siku ya kufungua alitangaza kwa kipaza sauti juu ya gari kwamba sukari na khanga siku hiyo ni bei ya kutupa. Na mimi nilikwenda. Apolonia, nimeona ng'ombe wenye kiu wakikimbilia lambo na sijaona kitu kama kile. Mlango ulipofunguliwa mama mmoja mjamzito alisukumwa hadi ukutani, akawa anapiga mayowe na hakuna aliyegeuka. Wanawake wawili walishikana khanga moja, wakavutana, mmoja akamng'ata mwenzake mkono hadi damu. Walinzi walikuwa wanachapa watu kwa mikanda ya mpira, ovyo, kichwani, mgongoni. Mimi nilivutwa nywele, nikapiga mtu kiwiko cha pua, simjui hadi leo. Nilitoka na sukari iliyopasuka mfuko na kilemba changu kimekwenda. Nikasema humo sirudi tena, na sikurudi. Basi hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, ila halijaisha.

Unajua desturi ya Machibya. Kila mwaka pamba ikishauzwa ananinunulia kitenge. Tangu anipose hajawahi kuruka mwaka, hata mwaka ule wa ukame alileta kipande kisichotosha kufunga mtoto. Mwaka huu pamba ilikwenda vizuri, wanunuzi binafsi wamekuja na magari yao wanagombania wakulima. Akasema safari hii kitenge kinatoka duka kubwa, kwa sababu bei ya huko itatosha kumpatia na mama. Nikamwambia mimi humo siingii. Akacheka, akasema nitamsubiri nje na baiskeli, yeye ataingia.

Na unajua sisi huku tunavyonunua nguo, labda huko Tanga mmeshaacha. Nguo hainunuliwi kivulini. Unaichukua dukani, unatoka nayo nje, unaitandaza juani, unaivuta uone kama nyuzi zinaachia, unalowesha pembe kwa mate na kuisugua uone kama rangi inachuja. Kwandu hanyanyuki hata kwenye kiti chake. Unaweza kwenda nayo hadi nyumbani ukamwonyesha mwenzako, ukirudi unalipa au unairudisha. Mnadani ni hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuitwa mwizi kwa kuiangalia nguo juani.

Basi Machibya aliingia, akachagua, akaona humo ndani kuna taa za jenereta zinazofanya kila kitu kiwe cha bluu. Akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akakiweka kitenge begani, akatoka nje anionyeshe. Nilimwona anakuja anatabasamu, amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeleta mtoto. Sikufika hata kukigusa. Mlinzi alitoka nyuma yake mbio, kijana mgeni hapa kwetu, akapiga kelele ya mwizi.

Ungekuwa mji mwingine labda wangemkamata tu. Lakini ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe wa Bariadi, na uwanja wa mnada uko nyuma ya lile ghala. Mwanamke mmoja aliposikia mwizi akapiga yowe, mwenzake akalipokea, likaenda. Wewe ulilelewa huku, unalijua yowe la Kisukuma, ule mwano. Ukilisikia huulizi ni nani wala kafanya nini. Unalipokea na wewe, unachukua fimbo, unakimbia kulikotokea. Asiyekimbia ana hatia.

Hapa ndipo Mayunga anapoingia. Mwaka juzi kaka yako alikuwa na homa yowe lilipolia, ng'ombe wa Mhoja walipokuwa wanaswagwa na wezi. Alifika watu wakiwa wamesharudi. Sungusungu, hawa walinzi wetu wa kijiji, hawakutaka kusikia habari ya homa. Walimtoza mbuzi, wakamlaza chini mbele ya watu wote, wake na watoto, wakamchapa viboko, mtu mzima mwenye ndevu. Sisi tuliona. Hakulia, ila nilimwona anavyotazama udongo. Tangu siku ile yowe likilia, Mayunga ndiye wa kwanza. Hata akiwa anakula anarusha sahani.

Siku hiyo alikuwa mnadani anauza dume lake la madoa. Aliruka ua akaja na ile fimbo ya baba, yenye rungu kichwani, aliyoirithi. Machibya wakati huo alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kitenge mkononi, anamwambia mlinzi, "Baba, namwonyesha mke wangu, yule pale." Mlinzi amemshika ukosi. Watu wanakuja kutoka kila upande na vumbi limepanda. Mayunga alikuja kwa nyuma kidogo ya ubavu, hakutazama uso. Alitazama kitenge mkononi mwa mtu aliyeshikwa ukosi, basi. Akainua ile fimbo akampiga goti.

Nilisikia goti linavunjika. Nilikuwa nimeishika baiskeli, nikaiachia ikaanguka.

Nililia, "Mayunga, huyo ni shemeji yako." Lakini mtu akishaanguka chini na yowe linalia, umati hausikii mtu. Walimmiminikia. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Mwingine alimkanyaga mkono na kiatu cha matairi. Mzee mmoja, mzee kabisa, mvi kichwani, alikuwa anamchoma mbavu na ncha ya mkongojo na kurudi nyuma, anachoma na kurudi nyuma. Nilipenya katikati ya miguu yao nikamlalia Machibya kwa juu. Nilipigwa mgongo, nikapigwa kichwa. Mguu ulionikaribia niliung'ata, na sijutii. Kuna mtu nilimsikia anauliza petroli. Mwingine alikuwa anakuja anabingirisha tairi, anatabasamu, kama anayeenda ngomani.

Niseme na hili, kwa sababu ni haki yake. Mayunga aliponiona nimelala pale alisimama. Alitazama uso wa yule aliyempiga. Sijui alitazama kwa muda gani. Halafu aligeuka, akawapa watu uso, akaanza kuwapiga wao. Aliyeleta tairi alipigwa fimbo ya bega akaanguka juu ya tairi lake. Mwenye kiatu cha matairi alipigwa ya mgongo. Kaka yako alizunguka akituweka katikati, anarusha fimbo kushoto na kulia, anapiga kelele kama mtu aliyepandwa na mashetani, "Ni wetu huyu. Ni wetu." Na yeye wakampiga. Ile alama iliyo juu ya jicho lake, ambayo nina hakika amekuambia ni ya pembe la ng'ombe, ameipata pale.

Constantine alitoka kwa mlango wa nyuma, akapanda juu ya gari lake na kipaza sauti chake, akawaambia watu hakuna kilichoibiwa, mtu alikuwa anaonyesha nguo, hata sisi tulivyolelewa si ndivyo? Wengine walisikia, wakaanza kuondoka pole pole, wanajipangusa vumbi, wanarudi kwenye bei za ng'ombe zao. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mawe. Walirudi mnadani.

Mayunga alimbeba Machibya mgongoni hadi kwenye mkokoteni, akauvuta yeye mwenyewe, maana ng'ombe walikuwa wametawanyika. Akamfikisha hospitali kule Somanda. Wauguzi walipomchukua, Mayunga aliisimamisha fimbo ya baba ukutani nje ya wodi, akaenda. Alipitia Shishiyu kwa wajomba, hakukaa, akapanda basi. Hakumuaga mama. Mpaka barua yako ilipofika hatukujua kama yuko hai au amejitupa mahali.

Machibya alikaa hospitali hadi Septemba. Goti halikunjiki tena. Meno ya mbele hakuna, na mkono wa kushoto unashika ila hauna nguvu ya jembe la kukokotwa. Msimu huu nalima mimi na vibarua. Madaktari walifanya walivyoweza, Mungu awabariki.

Constantine alituma watu waniletee kile kitenge, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na pole nyingi. Nilikipokea kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Walipoondoka nilichukua mkasi, nikakichanachana vipande, nikamfungia vidonda mume wangu. Nilipovifua vile vipande maji yakawa mekundu, yakawa ya zambarau, nikayamwaga na bado yakawa mekundu, na damu ilikuwa imeshakwisha kutoka. Rangi inachuja. Ningekigusa juani siku ile ningekirudisha ndani na tungekwenda zetu. Watu wananiambia nijilaumu kwa kutaka nguo ionwe juani. Sijilaumu hata kidogo. Nguo ni ya kuonwa juani.

Kwa hiyo, Apolonia, sukari yangu nitaendelea kununua kwa Kwandu, na wewe endelea kucheka. Siku ile Kwandu aliposikia alifunga kiduka akaja kwa miguu hadi Somanda na uji kwenye chupa, hajala. Na bei yake ni ile ile, hajanipunguzia.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike leo wakati kuna shamba la kupanda linaningoja. Miezi hii yote Machibya hakutaja jina la Mayunga. Mimi sikulitaja. Mama naye kimya, alikuwa anakwenda kulia kwenye zizi akidhani hatumwoni. Nilijiambia labda hakuona ni nani aliyempiga wa kwanza, alipigwa na wengi. Nikawa naomba iwe hivyo, niwe na mume na ndugu wote wawili.

Ilipofika barua yako niliisoma kimya kimya, yeye amekaa mlangoni. Nilipofika kwenye jina la Mayunga likanitoka mdomoni. Akaniuliza, "Amefika kwa nani?" Nikamwambia yuko Tanga, kwa Apolonia. Halafu akaniambia jambo ambalo bado linanikata. Siku ile aliposhikwa ukosi, akageuza macho akamwona Mayunga anaruka ua na fimbo ya baba mkononi, alifurahi. Alisema moyoni mwake, shemeji amekuja, sasa nimepona.

Alijua tangu mwanzo, mdogo wangu. Alilala na neno hilo kitandani Somanda, akala nalo uji wa Kwandu, wala hakunipa mimi nibebe.

Mimi bado nina hasira, nisikudanganye. Nina hasira na yule mlinzi, na yule mzee wa mkongojo ambaye nimemwona tena kanisani akipokea komunyo, na sungusungu waliomfundisha ndugu yangu kupiga kabla ya kutazama. Na Mayunga mwenyewe nikimwona nitampiga kofi, hilo limeshapangwa, mwambie ajiandae. Halafu nitampikia ugali na maziwa ya mgando. Lakini aliyepigwa si mimi. Mwenye neno ni Machibya, na neno lake ndilo nakutumia.

Mwambie Mayunga arudi nyumbani. Msomee barua hii yote, usiruke kitu, hata yale ya viboko, maana mtu akifichwa aibu yake hudhani haijulikani. Asipotaka kusikiliza, shikeni mikono yake wewe na Januarius. Mpandisheni basi. Akikaa huko zaidi atazoea kukimbia, na mama hana miaka mingi ya kulia zizini.

Nisalimie sana shemeji Januarius, mwambie namshukuru kwa kumpa ndugu yetu mahali pa kulala bila kuuliza maswali. Mbusu Specioza. Yule mama jirani yako anayechotewa maji, mwambie wabeja, asante kwa kumpa ndugu yetu kazi ya mikono. Mama anakusalimu, na Kwandu pia, anasema ukija ulete nazi. Mungu wa baba zetu awafunike, na awaweke mbali na kila mahali panapolia yowe.

Nilikuwa nimeshafunga hadi hapa, Machibya akaniuliza kama nimeandika na maneno yake yenyewe. Nikamwambia ayaseme basi, niyaweke kama yalivyo. Siku hizi anatembelea ile fimbo ya baba, hatukuwa na nyingine. Akainyanyua akakitazama kile kirungu chake, akasema, "Mwandikie Mayunga kwamba fimbo yake ni fupi, inaniumiza mgongo. Aje anichongee inayonifaa, hii aichukue."

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ninayekuwaza kila nikiwasha moto,

Nyanjige